Fifty Shades kwenye skrini: filamu tatu na sauti iliyoachwa kitabuni

Anayejiuliza kama anunue mkusanyiko wa filamu tatu za Fifty Shades namjibu mapema: ya kwanza inastahili kutazamwa, ya pili inavumilika kwa mwenye subira, na ya tatu ni ya wale tu wasioweza kuiacha hadithi njiani. Nasema hivyo kwa kuwa nimevisoma vitabu vyote vitatu, nikianza na nakala niliyoazimwa na mwenzangu wa ofisini hapa Kampala, ikiwa imefunikwa kwa karatasi ya kalenda kama daftari la mtoto wa shule ili abiria wenzake kwenye teksi wasione anachosoma. Sikuzitazama filamu hizi ili nizionee haya, wala ili nipate la kuhubiri. Nilitaka kujua jambo moja: hadithi ambayo karibu yote hutokea ndani ya kichwa cha msichana mmoja inakuwaje inapokabidhiwa kamera, chombo kisichoweza kuingia kichwani mwa mtu?

Kwa ambaye hakuufuatilia mkasa wake, mwandishi E L James ni Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika televisheni. Alianza kwa kuandika hadithi za ushabiki mtandaoni, akiwatumia wahusika wa Twilight, riwaya za mapenzi ya msichana na vampaya, kwa njia yake mwenyewe, kisha akawabadilisha majina na kukifanya kisa kuwa chake. Kitabu cha kwanza kilitolewa mwaka 2011 na mchapishaji mdogo wa Australia, mwaka uliofuata kikachukuliwa na kampuni kubwa ya Vintage, na kufikia mwanzoni mwa 2014 nakala zaidi ya milioni 100 za mfululizo huo zilikuwa zimeuzwa duniani. Kampuni za Universal na Focus Features zilinunua haki za filamu mwezi Machi 2012, baada ya studio nyingi kuzigombania. Kwa kuwa mnada ulikuwa mkali, mwandishi aliweza kudai kile ambacho waandishi wachache sana hukipata: kauli juu ya nani aandike muswada, nani aongoze na nani aigize. Jambo hilo msomaji alishike, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini filamu hizi tatu hazifanani kwa ubora.

Vitabu vyenyewe vimeandikwa kwa nafsi ya kwanza. Anastasia Steele, mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza anayekaribia kuhitimu, anatusimulia kila kinachompata kinapompata, na ndani yake wamo wengine wawili: dhamiri inayomkaripia kama mwalimu wa zamu, na mungu wa kike anayecheza ngoma kila Christian Grey, tajiri kijana anayempenda, anapoingia chumbani. Wahakiki waliichekea sana lugha ya riwaya hizi, na kwa haki, maana kuna kurasa ambapo msichana anang'ata mdomo wake mara nyingi kiasi cha kumtia msomaji hofu kwamba utakwisha. Lakini sauti ile, pamoja na upuuzi wake wote, ndiyo iliyowashika mamilioni ya wasomaji. Ndiyo iliyokuwa ikicheka, ikiogopa, ikijidanganya na kujikosoa, hasa katika barua pepe ambazo Ana na Christian wanaandikiana, ambamo mara nyingi msichana ndiye mwenye ulimi mkali zaidi. Ukiiondoa sauti hiyo, kinachobaki ni tajiri kijana, majengo ya vioo na chumba kilichofungwa kwa ufunguo, chenye mijeledi ya michezo yake ya kitandani.

Filamu ya kwanza, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Berlin mwezi Februari 2015 na kutoka siku chache baadaye, iliiondoa sauti hiyo yote. Hakuna msimulizi, hakuna mungu wa kike, na barua pepe zimepunguzwa hadi zikabaki chache. Mwongozaji Sam Taylor-Johnson, aliyejulikana kwanza kama mpiga picha na msanii kabla ya kuingia katika filamu, na mwandishi wa muswada Kelly Marcel, walijua kwamba wanachukua mzigo mzito, nao wakautua juu ya uso wa Dakota Johnson. Hapo ndipo filamu hii inapopata sifa yangu kubwa. Mwigizaji huyu anafanya kwa nyusi na kwa kuchelewa kidogo kujibu kile ambacho kitabu kilihitaji ukurasa mzima kukifanya. Anapojikwaa na kuanguka mlangoni mwa ofisi ya Grey, amekuja kumhoji kwa niaba ya rafiki yake mgonjwa, unaona aibu. Sekunde mbili baadaye unaona kwamba msichana huyo huyo ameshaanza kuicheka aibu yake. Grey anapotokea kwenye duka la vifaa vya ujenzi anakofanya kazi, akataka kununua kamba na utepe wa gundi, anamhudumia kwa adabu ya muuzaji mzuri, na macho yake yanauliza maswali yote ambayo mdomo hauwezi kuyauliza mbele ya mteja.

Tukio ambalo lingetosha kuihalalisha bei ya filamu nzima ni lile la mapatano ya mkataba. Kitabuni, mkataba kati ya Grey na Ana, wa masharti ya yeye kumtawala kitandani, umechapishwa kwa vifungu vyake, ukurasa baada ya ukurasa, na nakiri niliuruka. Filamuni, wanakutana kwenye chumba cha mikutano jioni, mwanga wa dirishani umegeuka mwekundu kama wa makaa, nao wameketi pande mbili za meza ndefu kama wanasheria wa kampuni mbili. Ana anafuta kifungu kimoja baada ya kingine kwa sauti tulivu ya karani. Mpiga picha Seamus McGarvey anaiacha kamera mbali, hivyo tunauona umbali uliopo baina yao, na kila ombi la msichana linaupunguza au kuuongeza. Hakuna anayemgusa mwenzake, lakini ndilo tukio lenye joto kuliko yote katika saa mbili na dakika tano za filamu hiyo, na linachekesha pia. Waliofanya kazi hii walielewa kwamba mapenzi kwenye skrini yamo katika kusubiri na katika kupatana bei.

Ubaya ni kwamba matukio ya chumba chenyewe, ambayo ndiyo watu wengi waliyalipia tiketi, ni makavu. Yamepigwa picha kwa ustadi, yana muziki mzuri, na ngozi zinang'aa kama za tangazo la mafuta ya kujipaka. Lakini msomaji wa kitabu alikuwa ndani ya Ana, akijua anachoogopa na anachokitaka kwa wakati mmoja. Mtazamaji amesimama pembeni ya kitanda, hajui aangalie wapi. Hata uzoefu wote wa Taylor-Johnson haukulitatua hilo, na sidhani kuna mwongozaji ambaye angelitatua bila kuirudisha ile sauti kwa namna fulani.

Kamera ilifanya pia jambo jingine ambalo nadhani hakuna aliyelikusudia. Kitabuni tunamwona Christian Grey kwa macho ya msichana aliyempenda, na macho hayo yanamsamehe kabla hajakosa. Kamera haikumpenda mtu. Jamie Dornan, kijana wa Ireland ya Kaskazini aliyeletwa baada ya Charlie Hunnam kujitoa mwaka 2013, anaigiza kwa ukakamavu kama mtu aliyeambiwa asivunje kitu ndani ya nyumba ya watu, na tunabaki kuyatazama matendo yake yakiwa matupu. Anafuatilia simu ya msichana hadi kwenye klabu. Anauza gari lake bila kumuuliza, anamletea jipya. Anasafiri hadi upande wa pili wa Marekani kumfuata alikokwenda kumtembelea mama yake, bila kualikwa. Kitabuni mambo haya yalipita kama ishara za penzi kubwa, na wasomaji wengi, nikiwemo mimi, tuliyameza. Kwenye skrini yanaonekana kama yalivyo, na nilipoitazama pamoja na marafiki wa kike nyumbani Ntinda, aliyekuwa amekipenda kitabu kuliko sote ndiye aliyesema kwanza kwamba huyu mwanamume angeripotiwa polisi kama angekuwa na bodaboda badala ya helikopta.

Katika mazungumzo hayohayo palitokea jambo ambalo sikulifikiria nilipokuwa nikisoma. Mwenzetu mmoja, Mganda wa Masaka, aliuliza ssenga wa msichana huyu yuko wapi. Katika Buganda shangazi wa upande wa baba ndiye humkalisha binti na kumweleza mambo ya unyumba waziwazi, yale ambayo mama hawezi kuyatamka. Pwani kazi hiyo ni ya somo au kungwi, na si watu wa kuonea haya maneno. Ana hana mtu wa namna hiyo. Mama yake yuko mbali na ameshughulika na mume wa nne. Rafiki yake Kate yuko karibu, lakini hati ya kwanza kabisa ambayo Grey anampa Ana aitie saini si ule mkataba maarufu, bali ni ahadi ya kutomwambia mtu yeyote. Filamu inaipita hati hiyo haraka, kama urasimu wa matajiri tu. Mbele ya kikundi cha wanawake wa Kampala ndiyo iliyotisha kuliko mijeledi yote, kwa sababu tulielewa mara moja kwamba mtu anayekuomba usimshirikishe shangazi yako anajua vizuri kwa nini anaomba hivyo.

Mwisho wa filamu ya kwanza ni mzuri, ingawa ulizua ugomvi. Ana anaomba aonyeshwe ubaya wote, anaonyeshwa, anaondoka, na mlango wa lifti unafungwa katikati yao wawili wakitajana majina. Habari zilizochapishwa Marekani wakati huo zilieleza kwamba mwongozaji na mwandishi wa muswada walitaka neno la Ana la kumzuia Christian asimfuate liwe lile la siri walilopatana kusimamisha mchezo, yaani jina la rangi nyekundu, na kwamba James alisisitiza liwe amri ya kawaida ya kusimama, kama ilivyo filamuni. Nadhani wawili hao walikuwa na haki. Kulitumia neno la mkataba kungeonyesha kwamba msichana amejifunza kanuni za mchezo na sasa anautumia mchezo wenyewe kutoka nje. Lakini kauli ilikuwa ya mwandishi. Baadaye Taylor-Johnson alisema hadharani kwamba asingekubali kuirudia kazi ile, na yeye na Marcel wote hawakurudi kwa filamu zilizofuata.

Nafasi zao zilichukuliwa na mwongozaji James Foley na mwandishi Niall Leonard, ambaye ni mume wa E L James. Filamu ya pili na ya tatu zilipigwa picha kwa mkupuo mmoja mwaka 2016, zikatoka Februari 2017 na Februari 2018. Huhitaji kuambiwa kwamba nyumba ya mwandishi sasa ndiyo iliyoshika kalamu, maana kila kilichomo kitabuni kimo filamuni, kikipangwa kwa utaratibu uleule, na hakuna hata kimoja kinachopewa muda wa kupumua. Mfano ulio wazi ni ajali ya helikopta. Kitabuni kupotea kwa Christian kunamtesa Ana kwa kurasa kadhaa, na mateso hayo ndiyo maana ya tukio lote. Filamuni helikopta inaanguka, familia inakusanyika mbele ya televisheni, na kabla ya mtu kumaliza kulia, mwanamume anaingia mlangoni na mikwaruzo michache, kama aliyechelewa kwa sababu ya foleni ya Jinja Road. Ukumbi wangu wa watu wachache ulicheka, na haukuwa mahali pa kucheka.

Aliyepotezwa zaidi katika filamu hiyo ni Kim Basinger, anayeigiza Elena, mwanamke aliyemwingiza Christian katika mambo haya akiwa bado mvulana mdogo. Huyu ni mhusika ambaye angeweza kuibeba filamu peke yake: je, ni mfadhili, ni mdhalimu, au yote mawili? Muswada unampa matukio machache, anatupiwa kinywaji usoni, anazabwa kofi, na mlango unafungwa. Nilisikitika sana, kwa sababu suala la mtoto aliyetumiwa na mtu mzima ndilo jambo zito pekee katika mfululizo wote, na filamu inalishika kwa ncha za vidole.

Ya tatu nitaisema kwa ufupi, kwa kuwa yenyewe ni fupi, saa moja na dakika arobaini na tano. Harusi, fungate Ufaransa, mtekaji nyara, fidia ya dola milioni 5, mimba, kisha picha za kumbukumbu kutoka filamu zilizotangulia zikipita kwa wimbo wa Ellie Goulding. Dakota Johnson bado anajitahidi, na mara mojamoja anapata sentensi moja ya kuchekesha inayomkumbusha mtu kitabu.

Fedha zinasimulia habari hiyohiyo, ingawa sitaki kuzitegemea sana kwa kuwa mfululizo mwingi hupoteza watazamaji njiani. Ya kwanza iligharimu takriban dola milioni 40 na kuingiza zaidi ya milioni 560 duniani. Ya pili iliingiza takriban milioni 380, na ya tatu takriban milioni 370, zote mbili zikiwa zimegharimu zaidi kuzitengeneza. Tuzo nazo zilichanganyikiwa. Katika msimu mmoja wa mwaka 2016 filamu ya kwanza ilipewa tuzo tano za dhihaka za Razzie, huku wimbo wake ulioimbwa na The Weeknd ukiwania Oscar. Muziki, ikiwa ni pamoja na ule uliotungwa na Danny Elfman, ndio kitu ambacho hata wanaozichukia filamu hizi huendelea kukisikiliza.

Neno kwa wenye nyumba. Bodi ya Kenya ya kuainisha filamu iliipiga marufuku ile ya kwanza mwaka 2015, na Malaysia ikafanya hivyo pia. Hapa Uganda sheria dhidi ya ponografia ilikuwa imetiwa saini mwaka mmoja kabla, Februari 2014, na vifungu vyake kadhaa vilibaki vikiwatia watu wasiwasi hadi Mahakama ya Katiba ilipovifuta mwaka 2021. Kwa maoni yangu hofu ilizidi kiasi, kwa kuwa maonyesho ya mwili katika filamu hizi ni ya uangalifu kuliko sifa yake. Hata hivyo ni za watu wazima, na si za kuwekwa sebuleni siku ambayo mkwe anatarajiwa. Kwa watu wa Buganda, ambao mila yao haimruhusu mkwe wa kiume hata kumkaribia mama mkwe, kosa hilo lingekugharimu zaidi ya bei ya diski.

Sasa niseme kuhusu toleo ambalo halimo kwenye mkusanyiko rasmi. Baada ya kuzitazama diski halisi, nilipita kwenye duka moja la kunakili filamu katikati ya jiji kununua kitu kingine kabisa, na kijana aliyekuwepo aliponisikia nikizitaja akaniambia, “Nnyabo, chukua zile za VJ.” Ma-VJ wetu, kwa msomaji wa mbali, ni watafsiri wanaozungumza kwa Luganda juu ya filamu ya kigeni, wakieleza, wakitania na kutoa maoni yao, kazi iliyoanzia kwenye vibanda vya video na sasa inasikika hadi majumbani; kwa kazi kama hiyo Tanzania walikuwa na Lufufu na Kenya wana DJ Afro. Pale dukani ziliuzwa kwa shilingi 1,000 kila moja, na suala la haki miliki, ambalo sheria yetu ya mwaka 2006 inalieleza bila utata, linanizuia kumshauri mtu azinunue. Naandika tu nilichokisikia nilipowekewa sehemu pale dukani.

VJ huyo aliirudisha sauti. Ana anapoketi kwenye meza ya mapatano, kimya, VJ anamsemea yaliyo moyoni: sasa binti anawaza, huyu mtu ni mzuri lakini karatasi hizi ni nyingi, ngoja nikate hapa nione atafanya nini. Anapoitia saini ile hati ya kutosema, VJ alipiga ukelele wa kumwonya amwite ssenga haraka. Hakuwa ameyasoma mawazo hayo popote, sina shaka. Aliyasoma kwenye uso wa Dakota Johnson, palepale walipoyaweka Taylor-Johnson na Marcel. Halafu nikaomba niwekewe ya tatu. Maneno yakamwishia. Uso wa Ana haukuwa tena na la kutafsiri, kwa hiyo wakati wote wa fungate alishughulika na boti ya Grey, akikadiria bei yake kwa shilingi za Uganda na kuwauliza wasikilizaji ni ekari ngapi za Mukono zingenunuliwa kwa fedha hizo. Kijana wa duka alisema wateja wengi wanaipenda sehemu hiyo kuliko zote.